Deki Isiyoacha Doa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa wodi ya wanaume amenipigia simu mara tatu kabla ya saa nne. Kioo cha kompyuta kinakokota! Akisogeza dirisha moja, anasema, anaweza kwenda kunawa mikono akarudi, bado linajichora. Nikamwambia nakuja. Kisha nikakaa dakika tano kitini. Simu ikilia tu, mimi naiona barua ya kufukuzwa kazi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshashtuka.

Kompyuta zangu ni kumi na nne. Zote za kupewa, zote zimechoka, hazina hata diski. Kazi yote inafanywa na Bi Mkubwa — ile seva iliyo humu chumbani kwangu, inayonguruma mchana kutwa — na yeye ndiye anayezipelekea wodi madirisha yao kwa waya. Kule wodini kompyuta inachora tu inachoambiwa. Maabara wakiandika jibu, Bi Mkubwa anaamuru, wodi inachora. Ndiyo maana waya ukikatika, picha inabaki pale pale kama ilivyokuwa. Dirisha limekufa, lakini limekodoa macho. Mausi inatembea, saa ndogo ya pembeni inahesabu dakika, kwa kuwa hivyo viwili ni mali ya kompyuta yenyewe. Majibu ndiyo ya zamani.

Dawa ya hilo aliigundua wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, nesi wa wodi ya wanaume miaka ishirini na mitatu. Yeye anaita kupiga deki. Kabla ya kusoma jibu lolote anashika kile kidirisha cha saa, anakiburuta juu ya dirisha la maabara, kulia, kushoto. Dirisha likiwa hai, Bi Mkubwa analichora upya saa ilipopita. Likiwa limekufa, panabaki doa jeupe. Ukiona doa, usisome kitu, mwite fundi. Siku hizi manesi wote wanapiga deki. Karatasi imebandikwa ukutani kila wodi, kwa mwandiko wa wifi: PIGA DEKI KWANZA.

Mimi humtania, namwambia huo ni uganga, bado ubani tu. Naye hunijibu: na wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza.

Kitanda cha sita kuna mzee aliyekuwa dereva wa treni. Sukari. Ameniona niko chini ya meza nashika nyaya, akaniuliza kama mashine yangu ina breki. Nikamwambia haina hata honi. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeweza!

Nimetoa vipande vya memori kwenye mashine zilizokufa, nikazipachikia zilizo hai. Halafu nikaongeza mstari mmoja — mmoja tu! — kwenye faili ambalo kompyuta zote hulisoma kwa Bi Mkubwa zinapowashwa. Sasa kila kompyuta inatunza nakala yake ya kila dirisha. Likifunikwa likafunuliwa, inajijazia yenyewe, haina haja ya kumsumbua Bi Mkubwa. Ndiyo maana zamani zilikokota: kila kitu kuuliza, kila kitu kusubiri.

Nimepita kompyuta zote kumi na nne, nimezima, nimewasha. Nimeburuta dirisha juu ya dirisha. Linateleza! Hakuna doa, hakuna kujichora polepole. Safi.

Daktari ameniambia ahsante mbele ya watu. Matroni naye ametikisa kichwa kukubali, na matroni hakubali ovyo. Nimerudi chumbani kwangu natembea kama mwenye nyumba. Leo siogopi kitu. Naandika ili nikumbuke kwamba iliwahi kutokea.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi amekuja kula kwetu. Pacha wamemrukia shangazi yao mlangoni utafikiri hawajamwona mwaka mzima. Akavua viatu, akasema: "Mama Pacha, leo mashine zako zimeoga. Nimepiga deki kutwa, hazijaacha doa hata moja!"

"Ndiyo ujue una fundi," nikamwambia.

"Fundi ninaye. Mpishi ndiye sina," akasema, akaonja mchuzi, akaomba chumvi. Baba Pacha alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Yeye ni kinyozi, amezoea kucheka na vichwa vya watu, lakini dada yake ndiye anayemweza.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna simu hata moja tangu Alhamisi. Si wodi ya wanaume, si wazazi, si watoto. Ningefurahi. Badala yake nimeamka nasikiliza.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mama alinifundisha hiyo kabla sijajua kusoma. Basi na tucheke.

Jumatatu, 11 Machi

Saa kumi alasiri. Nimefunga mlango kwa ufunguo. 

Niandike kwa utaratibu, labda nitaelewa.

Vile vijiti vya kupimia sukari kidoleni vimekwisha tangu mwezi uliopita, kwa hiyo kila damu inakwenda maabara. Saa kumi na mbili asubuhi Mzee wa Treni alikuwa na sukari 22. Akachomwa insulini. Saa tano wakamtoa damu tena. Maabara wakapima: 5. Wakaandika, wakapiga simu wodini kwamba majibu ya saa tano yako kwenye kioo. Wifi akaenda kwenye kioo. Akaona 22. Programu ya maabara ni ya kale, inaweka tarehe, haiweki saa. Akaona mzee hajashuka hata kidogo, akafuata maagizo ya daktari, akamchoma dozi nyingine kubwa. Saa sita kamili.

Saa saba mzee analoa jasho, anamwita mtu asiyekuwepo. Saa saba na nusu hajitambui. Wamemtundikia dripu ya sukari, sukari imepanda, yeye hajaamka.

Mimi nikaitwa nitazame kompyuta. Hawakuniambia kisa. Nimekaa, nimeona dirisha la maabara, kitanda cha sita, 22. Nikapiga deki — mimi mwenyewe, kwa mkono wangu! Safi. Hakuna doa. Nikasema moyoni, mtandao huu ni mzima. Nikafungua kabati la nyaya lililo konani, kwa mazoea tu. Kebo imechomoka. Ile yenye kijino kilichovunjika mwaka jana, niliyoifunga kwa uzi nikasema nitaibadilisha. Mlango wa kabati ukibamizwa inateleza. Mkono ukatangulia kichwa, nikaisukuma ndani. Nilipogeuka, dirisha la maabara limejifunga lenyewe. Nikalifungua upya.

Kitanda cha sita: 5.

Nilisimama pale. Baridi ilianzia visiginoni. Dirisha lilikuwa limekufa, na deki haikuacha doa, kwa sababu kompyuta ilijijazia yenyewe kutoka kwenye nakala yake. Nakala ya maiti! Ule mstari wangu mmoja.

Matroni akachungulia mlangoni. Akauliza kama kompyuta ina tatizo.

"Inafanya kazi," nikasema.

Ni kweli. Wakati ule ilikuwa inafanya kazi.

Jumanne, 12 Machi

Mzee bado. Amehamishiwa wodi ya mahututi.

Wifi amesimamishwa. Kumbukumbu za ndani za Bi Mkubwa zinaonyesha 5, imeingia saa tano na robo, yeye ameandika 22 kwenye chati. Matroni anasema amesoma mstari wa juu, kitanda cha tano. Daktari anasema hakupiga deki, dirisha la asubuhi lilikuwa limeganda, hakupiga deki aliyoianzisha mwenyewe. Hiyo ndiyo inayowachekesha wengine. Nimesikia kwenye korido: mganga hajigangi. Nikapita nimeinamisha kichwa.

Wifi amewaambia neno moja tu, amelirudia: "Nilipiga deki. Ilikuwa safi."

Hakuna aliyemwamini. Kuna mtu mmoja tu katika jengo zima anayejua kwamba anasema kweli, na mtu huyo alikuwa chumbani kwake anajifanya anapanga kibodi mbovu kwenye boksi.

Ninaogopa nini? Nikiandike. Naogopa kazi. Naogopa polisi, maana mzee akifa halitakuwa jambo la barua. Namwogopa Baba Pacha — si mkono wake, hajawahi — uso wake. Na kazi hii aliyeniombea ni wifi. Alikwenda kwa katibu wa hospitali akamwambia wifi yangu ana akili ya nyaya, mjaribuni.

Na kuna jambo baya zaidi. Kompyuta kumi na tatu nyingine zina mstari ule ule. Sasa hivi. Dirisha lolote linaweza kuwa limekufa na nesi anapiga deki, anaona safi, anavuta dawa kwenye sindano.

Jumatano, 13 Machi

Nimetembea kutwa. Wodi hadi wodi, nasukuma kebo kwa kidole, nafungua madirisha upya, naanza tena mwanzo. Miguu imevimba. Manesi wameanza kunitazama. Mmoja wa wodi ya watoto amesema kwa utani, fundi leo una mdudu. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama chafya.

Kwa nini sijautoa ule mstari? Kwa sababu nikiutoa doa litarudi. Kila nesi ataliona doa limerudi, atajiuliza kwani lilikwenda wapi. Kuutoa ni kukiri. Kwa hiyo nimeuacha, nakimbia mimi badala yake. Jitu zima!

Jioni Baba Pacha hakula. Anamfikiria dada yake. Anasema huko wodini ana maadui, wanamwonea kijicho, kikulacho ki nguoni mwako. Alisema huku ananitazama — hakunitazama kwa ubaya, alitaka nimwitikie tu. Nikaitikia.

Halafu akauliza taratibu: "Mama Pacha, wewe ndiye mwenye mashine. Zinaweza kudanganya?"

"Mashine hazidanganyi," nikamwambia.

Akasema basi labda dada amechoka kweli. Ananiamini mimi kuliko dada yake wa tumbo moja. Nilikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeutoa.

Si ujasiri. Saa tatu asubuhi, wodi ya wazazi, nimekuta kebo imeachia nusu. Dirisha limekufa. Nikapiga deki, safi. Mama mmoja kitandani anasubiri damu na nesi alikuwa njiani kuja kusoma kundi lake la damu. Nimeisukuma kebo ndani. Dakika mbili zaidi! Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, nikafuta mstari, nikapita wodi zote nikazima na kuwasha. Nimewaambia nasafisha vumbi.

Kwa hiyo kompyuta zinakokota tena. Daktari amepiga simu mara mbili tayari. Nikamjibu ndiyo daktari, ndiyo daktari. Akokote tu.

Saa nane yule nesi mrefu wa wodi ya wazazi akaja hadi mlangoni kwangu. Hakuingia. Alisema amepiga deki na ule weupe wa zamani umerudi, unajijaza polepole kama mwanzo. Halafu akasema tangu Jumatano ya wiki iliyopita haukuwepo. Halafu akasema, "Ulifanya nini, fundi?"

Nikasema memori. Nikasema joto. Sijui nilisema nini. Aliniangalia, akaondoka, viatu vyake havina kelele.

Faili la Bi Mkubwa sasa linaonyesha limebadilishwa leo. Kuna amri fupi ya kulirudisha tarehe, hata mtoto anaiweza. Nimeiandika yote kwenye kioo. Kidole kimekaa juu ya kitufe mpaka chai ikapoa. Nikaifuta herufi moja moja.

Ijumaa, 15 Machi

Barua imekuja. Kikao ni Jumatatu saa nne, chumba cha mikutano. Matroni, daktari, katibu, mganga mkuu mwenyewe. Fundi anaombwa alete kompyuta moja ya wodini, aichomoe waya mbele yao, awaonyeshe deki inavyoacha doa dirisha likifa.

Wanataka niwaonyeshe doa. Nikiwaonyesha, wifi ni mwongo.

Mchana nilikwenda wodi ya mahututi kubadilisha kibodi. Ningeweza kumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe. Mzee wa Treni amelala chali, mdomo wazi, meno ya bandia yako kwenye glasi. Binti yake amekaa pembeni anashona pindo la shuka la hospitali lililochanika, kwa hiari yake tu, maana mikono yake haijui kukaa bure. Aliniuliza namba zile kwenye kioo zinasema nini. Nikamsomea. Akauliza, "Na ni za sasa hivi?"

Hakuwa ananichokoza. Hajui lolote, swali limemtoka tu. Mimi nimepiga deki mbele yake, doa likatokea likajijaza, nikamwambia ndiyo dada, za sasa hivi. Akanishukuru. Alisema wahudumu wa hapa wana roho nzuri, hata yule nesi wa wodini alimvalisha baba yake soksi kwa sababu miguu ilikuwa baridi.

Nilitoka bila kuweka ile kibodi.

Jumamosi, 16 Machi

Sijala. Pacha wameniuliza kama naumwa. Nimewaambia jino.

Jumapili, 17 Machi

Wifi amekuja. Sikumtegemea. Nilimwona dirishani anavuka barabara na nilitaka kujificha chooni, Mungu anisamehe, nyumbani kwangu mwenyewe.

Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyombo vichafu, akakunja mikono, akaanza kuosha. Nikamwambia wifi, acha, mgeni haoshi vyombo. Akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nina miaka kumi na minane humu. Utani ule ule, lakini sauti haikuwa na mtu ndani.

Kisha, mgongo kwangu: "Wifi, nimefikiri sana. Labda sikupiga."

"Hukupiga nini?"

"Deki. Nimezoea mno. Mkono unaweza kusahau, kichwa kikasema umepiga. Unafunga mlango wa nyumba, ukifika njiani hukumbuki kama umefunga. Ndivyo hivyo." Akasuuza kikombe, akakitazama ndani. "Matroni ameniandikia karatasi. Nikikiri hawatanipeleka mbali, watanistaafisha tu. Kesho nitaitia sahihi."

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Baba Pacha akaingia na Pacha wote wawili, wamemshika shangazi yao kiunoni, maji yamemwagika, kelele. Nikaufunga. Nilimshukuru Mungu kwa zile kelele, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote niliyoandika humu.

Siku ile alipiga. Nalijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Nimemfanya mtu asijue mkono wake ulifanya nini. Mzee naweza kusema ni bahati mbaya, ni kebo, ni uzi. Hili la wifi halikufanywa na kebo. Nimelifanya mimi, kila siku, tangu Jumatatu, kwa kunyamaza.

Nimemsindikiza hadi kona. Akaniambia kesho nisiogope kuwaonyesha doa. Kazi yako ni kazi yako, akasema, mimi sitakuwekea kinyongo.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tatu na dakika ishirini. Chumba cha mikutano. Niko peke yangu.

Kompyuta ya wodi ya wanaume iko mezani, ile ile. Nimeileta kwa kitoroli cha dawa. Nyuma ya viti kuna tundu la mtandao, nimeiunganisha, dirisha la maabara limefunguka, kidirisha cha saa kiko pembeni. Katibu ameleta glasi sita na jagi la maji, akasema watachelewa kidogo, mganga mkuu yuko wodi ya mahututi kwa mgonjwa. Sikuuliza kwa nini.

Mstari mmoja. Usipokuwemo, nikichomoa waya deki itaacha doa na wifi atatia sahihi. Ukiwemo, deki itakuwa safi. Watauliza imekuwaje, nami itabidi niseme.

Saa moja asubuhi niliuweka. Saa mbili niliutoa. Saa tatu kasoro —

Miguu. Si wao. Ni wifi.

Amevaa sare. Hakutakiwa kuvaa sare, amesimamishwa, lakini ameipiga pasi mpaka kola imesimama. Amenisalimia. Ameweka karatasi ya matroni mezani, uso juu, na kalamu juu yake. Anasema ameona aje mapema akae, maana akikaa nyumbani anasikia ukuta unaongea.

Ninaandika ili nisimtazame. Anadhani naandika mambo ya kazi.

Amevuta kiti, amekaa mbele ya kompyuta. Anasema ngoja auzoeze mkono, asije akaaibika mbele yao, mtu mwenye deki yake asijue kuipiga. Ameshika mausi.

Waya nimeuchomoa kabla hajaingia. Niko nao mapajani, chini ya daftari. Sikumbuki nilipouchomoa.

Anaburuta saa. Kulia. Kushoto.

Safi.

Anaburuta tena, polepole. Amesema mashine leo iko hai, wifi. Naandika.

Mara ya tatu. Sasa anaburuta kwa kukazana, juu, chini, pembe zote, vile alivyokuwa akitufundisha. Hakuna doa.

Ameacha.

Anatazama nyuma ya kompyuta. Tundu la waya liko tupu. Anatazama kioo. Anarudi kwenye tundu. Midomo yake inatikisika kama anayehesabu matone ya dripu. Sasa ananitazama mimi, magotini, mahali ncha ya ule waya inaponing'inia.

Hajapiga kelele. Ameuchukua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, ameushika, anautazama.

"Nilipiga," amesema.

Ndiyo.

"Nilipiga, wifi. Siku ile nilipiga."

Ndiyo. Nimesema kwa sauti. Nimesikia sauti yangu.

Koridoni wanakuja, wengi, matroni ndiye anayeongea. Wifi hajageuka. Karatasi bado iko mbele yake na kalamu juu yake. Ananiuliza, taratibu kabisa, kama anavyowauliza wagonjwa: tangu lini?

Narudisha kurasa nyuma hadi Jumatano, tarehe sita. Naweka kidole hapo, na nikifika mwisho wa mstari huu nampa daftari.